Chumba cha Mtani

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alikuja kunitembelea hapa Morogoro, akaniwekea simu yake mbele ya macho ili nione ramani ya nyumba anayotaka kujenga. Vyumba vilipakwa rangi, bluu na njano, kama peremende. Akanionyesha sebule, akanionyesha jiko, akanionyesha hata mahali pa kuegesha gari ambalo bado hana. Halafu akaniuliza, "Shangazi, ingekuwa wewe, nani angelala wapi?"

Nikamrudishia simu yake. Swali lile niliwahi kulisikia nikiwa mtoto, Tabora, kwenye uwanja mtupu wenye upepo, likiulizwa na kijana mmoja mrefu aliyevaa kaptura na soksi ndefu. Sikuwa nimelikumbuka kwa miaka mingi. Binti huyo alipoondoka nilibaki kibarazani mpaka chai ikapoa, na kila nilipofumba macho niliona vumbi jekundu la kwetu.

Mimi nililelewa na Bibi, mzaa mama. Wazazi wangu walikuwa Urambo wakilima tumbaku, na walikuja mjini msimu ukiisha, nguo zao zikinuka moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Siku nyingine zote nilikuwa wa Bibi, na Bibi alikuwa wa nyumba yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe, ya zamani kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ilisimama kando ya njia waliyopita wapagazi wa misafara, wakitoka pwani kwenda Ujiji, na Bibi alipenda kusema kuta zake zilijengwa nene vile kwa sababu wenyewe walikuwa wakilaza watu wasiowajua. Paa lilikuwa bapa, udongo ulioshindiliwa juu ya magogo ya mninga. Mvua zikianza majani yaliota juu yake, na mbuzi wa jirani walipanda huko kula, tukawa tunasikia kwato zao juu ya vichwa vyetu kama watu wanaotembea kwa adabu. Ndani kulikuwa na giza la baridi. Ukitoka juani unaingia ukumbini huoni kitu, unanusa tu: udongo, asali ya kwenye kibuyu, moshi wa miaka, na Alhamisi jioni udi. Kisha taratibu vitu vinajitokeza kimoja kimoja, mtungi, mkeka, kigoda, na Bibi amekaa pale pale tangu mwanzo akikutazama.

Huku na huku kwenye ukumbi ule kulikuwa na vyumba, na vyumba hivyo Bibi alivipangisha. Ndivyo alivyoishi tangu babu alipofariki. Nakumbuka karani mmoja wa stendi aliyekuwa akijiimbia asubuhi, na mama muuza vitumbua. Lakini paa lilivyozidi kuchoka wapangaji waliondoka, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Mtani.

Alikuwa Mgogo, mwenye masikio yaliyotobolewa matundu makubwa ya kizamani. Alifanya kazi kwenye genge la reli, la kubadilisha mataruma yanayobeba reli huko Tura, mpaka akastaafu, na aliposhuka Tabora na sanduku lake la mbao hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Mke hakuwa naye, na mtoto hatukumsikia akimtaja. Pensheni yake ilipozidi kuwa haba Bibi aliacha kumdai kodi bila kusema neno, na yeye bila kusema neno akaanza kuleta kuni.

Wewe unajua jinsi Wanyamwezi na Wagogo walivyo watani. Zamani misafara yetu ilipopita kwao, watemi wa Kigogo waliidai hongo ndipo waipe njia na maji. Basi kila asubuhi Bibi akitoka ukumbini na ndoo kichwani, Mtani alikuwa amesimama katikati, fimbo ameilaza kwa upana.

"Mnyamwezi, hupiti. Hongo yangu iko wapi?"

Na Bibi, ambaye kwa watu wengine wote alikuwa mzito wa kucheka, alichomoa kipande cha muhogo kutoka kwenye pindo la kanga akamtupia, akamwambia ale akakae kando, mzigo ni mzito. Mimi nilikuwa nikiamka mapema kwa ajili hiyo tu. Muhogo ule Bibi alikuwa ameuchemsha tangu alfajiri. Aliuweka kwenye pindo akijua.

Alasiri moja ya msimu wa mvua nilikuwa chuoni nikisoma Kurani pamoja na watoto wenzangu, mvua ikanyesha mpaka mwalimu akaacha kutusikia. Ilipopungua nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Nilipoingia ukumbini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kila kitu papo hapo, bila kusubiri. Nusu ya paa ilikuwa imeanguka. Mawingu yalikuwa yakipita ndani ya nyumba yetu. Manyunyu yalidondoka polepole juu ya mkeka, na Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya sehemu iliyobaki, anachambua karanga. Mtani alikuwa na koleo, anatoa udongo, amelowa hadi kwenye kope.

Sikuogopa. Nakumbuka niliona ni pazuri.

Haikuwa nyumba yetu peke yake. Matembe mengi ya mtaa ule yaliinama msimu ule. Mvua zilipokoma tukaletewa habari kwamba wale ambao nyumba zao zimeanguka watapewa viwanja kwenye uwanja uliokuwa upande wa pili wa reli, na nyumba zitajengwa kwa nguvu za wenyewe. Serikali italeta bati, saruji kidogo na fundi. Matofali tutafyatua na kuchoma sisi. Ndivyo zilivyokuwa siku hizo. Redio ilizungumza kujitegemea asubuhi na jioni, na hata sisi watoto tukigawana pipi tuliita huo Ujamaa.

Aliyetumwa kuzichora nyumba hizo ndiye yule kijana wa kaptura. Sisi tulimwita mchora ramani. Alikuwa ametoka masomoni nje karibuni, na alizungumza Kiswahili cha kwao Tanga, cha kuvuta maneno. Siku ya kwanza wanawake walikwenda uwanjani wakidhani wataonyeshwa karatasi. Karatasi alikuwa nazo, ila zilibaki kwenye mkoba. Aliagiza kila mmoja aje na ndoo ya majivu kutoka jikoni kwake.

Siku ya pili tukamwaga majivu. Alitembea mbele akirudi kinyumenyume, amenyoosha kamba, na wanawake wakamfuata wakinyunyiza mistari chini: huu ukuta, hapa mlango, hapa baraza. Kufika saa nne uwanja mzima ulikuwa umejaa nyumba za majivu, nyeupe juu ya udongo mwekundu, unaziona zote hadi ndani. Kisha akaomba kila familia iingie kwake ikae mpaka jioni, kama ambavyo ingekaa siku yoyote.

Natamani ungekuwepo. Watu wazima walipiga hodi penye milango isiyokuwepo, wakakaribishwa, wakavua viatu. Mama mmoja alimgombeza mwanawe kwa kupita ukutani. Bibi alipika kweli, mafiga matatu na chungu cha mlenda, na mchora ramani akachuchumaa pembeni akitazama kiwiko chake kinafika wapi anaposonga ugali. Alipoona moshi unaelekea kwenye chumba cha kulala alifuta jiko kwa kiganja akalipeleka uani. Walikosana kwenye madirisha. Yeye alitaka makubwa, yanayotazamana, upepo uingie huku utokee kule. Bibi alitaka dogo la kutosha kupitisha sauti, maana dirisha kubwa ni kumkaribisha mwizi. Walibishana kwa upole mchana kutwa, na mwisho Bibi alikubali, akisema atalifunga kijana akishaondoka. Hakulifunga. Kikohozi alichokuwa nacho miaka yote kilipungua katika nyumba ile, na yeye mwenyewe aliwaambia watu ni upepo wa yule Mtanga.

Jua lilipoanza kulala mchora ramani alipita nyumba hadi nyumba, akiuliza lile swali. Nani atalala wapi? Kwetu mistari ilikuwa ya vyumba viwili, kama kwa kila mtu, kwa kuwa bati lililotolewa lilitosha vyumba viwili. Bibi akaonyesha: mimi hapa, mjukuu wangu pale. Nikajilaza pale nilipoambiwa, nikatazama juu, na anga lote likawa dari yangu.

Mtani alikuwa nje ya mstari. Alikuwa ametuletea kuni, akazitua, akasimama kando ya ukuta wa majivu akiwa ameshika kofia yake, kama mtu anayengoja kuaga. Bibi alimtazama. Halafu akanyanyuka, akavuta kanga juu ya kifundo cha mguu, na kwa unyayo wake akafuta kipande cha ukuta. Akachota majivu ya chini ya chungu, yakiwa bado na joto, akachora chumba kingine ubavuni, akizunguka pale pale alipokuwa amesimama yule mzee. Mtani akajikuta ndani.

Mchora ramani alichuchumaa akaupima mstari huo mpya kwa macho. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi yake, akachora. Kumbe ndilo alilokuwa akilifikiria mwenyewe: nyumba ya kukua. Vyumba viwili vyenye bati sasa, na msingi wa mawe wa chumba cha tatu tayari chini, ili kila mwenye nyumba ainue kuta zake nguvu zikipatikana. Alieleza jambo hilo kwa watu wote siku ile, na likakubaliwa. Kwa wengine msingi ule ulikuwa wa watoto watakaozaliwa. Kwetu ulikuwa na mwenyewe.

Kiangazi chote tulifyatua matofali. Nakumbuka ubaridi wa udongo asubuhi kwenye vidole vya miguu, na wanawake wakikanyaga kwa mwendo mmoja huku wakiimba, na tanuru lililowaka siku kadhaa likanukia kama mkate. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, tukiichota kwenye sufuria moja watu ambao hata hatukuwa na undugu. Nyumba hazikuwa za mtu mpaka zitakapokwisha. Wote walijenga zote. Mtani, ambaye jina lake halikuwa kwenye nyumba yoyote, ndiye aliyewahi kufika na kuchelewa kuondoka. Alipanga matofali kama alivyokuwa akipanga mataruma, anainama, anafumba jicho moja, anaangalia mstari.

Kuta za chumba cha tatu chetu zilipofika usawa wa madirisha, balozi wetu wa nyumba kumi aliitisha kikao. Alikuwa fundi viatu, mtu mwaminifu, mwenye woga wa kukosea. Sitaki umfikirie vibaya. Siku zile mwenye kuishi kwa kodi ya nyumba alikuwa anaitwa mnyonyaji hadharani, na yeye alikuwa ameulizwa huko juu kwa nini kwenye nyumba za umma kuna bibi anajenga chumba cha mpangaji. Tulikaa juu ya mafungu ya matofali, jioni, watu wakiwa bado na udongo mikononi. Balozi alieleza jambo lote bila kumtazama Bibi. Alisema Bibi alikuwa mwenye nyumba za kupangisha, kila mtu anajua, na nyumba hizi hazikujengwa ili mambo hayo yahamie humu.

Bibi alisimama. Alisema ni kweli, amekula kodi miaka mingi, hakatai, na asingekula kodi angekula nini. Alisema huyu mzee hajamlipa kitu tangu mjukuu wake huyu hajaanza chuo. Mtu mmoja nyuma akauliza, kama hamlipi, na si mumewe, na si ndugu yake, ni nani basi? Watu wengine wakacheka, cheko lisilo zuri. Bibi alikaa chini. Nilimwona akitafuta neno na halikuja.

Balozi akatoa uamuzi kwa sauti ya chini. Nyumba ni ya Bibi na mjukuu wake. Chumba cha tatu kisimame pale kilipofika, mpaka atakapopatikana wa damu yake wa kulala humo. Na kama jambo hili litaendelea, itabidi nyumba yenyewe ijadiliwe upya.

Mtani alikuwa ameketi mwisho kabisa, kofia gotini. Njiani kurudi tembeni hakufanya utani wowote.

Asubuhi Bibi alitoka na ndoo yake, na ukumbi ulikuwa wazi. Alisimama katikati. Akangoja. Nilikuwa mlangoni namtazama, na muhogo ulikuwa kwenye pindo la kanga. Kisha akaenda akasukuma mlango wa chumba cha mzee. Sanduku halikuwepo, mkeka haukuwepo, sakafu ilikuwa imefagiwa vizuri. Mtu wa stesheni alituambia baadaye kwamba alipanda treni ya kuelekea mashariki.

Baada ya hapo Bibi hakugusia habari zake. Alikwenda kazini uwanjani kama kawaida, alifyatua matofali, aliitikia salamu. Lakini chakula alikuwa akipakua sahani tatu, kisha anairudisha moja chunguni. Mchora ramani naye alikuwa amehamishiwa Mwanza wiki hizo, akaja kutuaga, akamkuta Bibi amekaa kwenye ukuta ule uliokomea madirishani. Walikaa pale pamoja. Alipoondoka alimshika mikono miwili, akamwambia, "Msingi wake ni mzuri, Bibi. Utasubiri hata miaka."

Bibi akamjibu kwamba msingi unaweza kusubiri, ila yule mzee hawezi.

Kesho yake akanivisha gauni la Idi, akafunga michembe na chupa ya asali kwenye kitambaa, tukaenda stesheni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda treni. Safari ile imebaki kwangu kama kitu nilichoota: miombo inarudi nyuma bila kuisha, majani machanga yenye rangi ya shaba, mizinga ya nyuki juu ya miti, moshi wa mtu anayechoma shamba mbali sana. Bibi aliketi wima na baibui lake, mikono juu ya kifurushi, kama aliyetumwa na watu wakubwa.

Bibi alikisia amerudi Tura alikofanyia kazi, na tulimkuta haraka, kila mtu wa reli alimjua. Alikuwa kwenye kambi ya zamani ya genge, ndani ya kibanda cha bati cheupe kwa joto, ambacho ukiingia unasikia bati lenyewe linalia. Alikuwa amekaa nje kwenye kivuli kidogo kilichobaki, anashona kofia. Alipotuona alisimama, na nikamwona anazeeka pale pale.

Nilimsalimu, "Shikamoo babu," akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anamwangalia Bibi.

"Umefuata nini huku, Mnyamwezi?" akauliza. "Mimi niliondoka ili upate nyumba."

"Nyumba nimepata," Bibi akasema. "Watu wa kukaa nao ndio sina."

Mzee akamkumbusha kwamba balozi amekwisha kusema. Bibi akasema balozi amekataza mpangaji, na mpangaji kweli hayupo, amehama, chumba chake tumekikuta kimefagiwa. Mzee akainamisha kichwa. Akasema kwa taratibu kwamba yeye amelala kwenye mahema, kwenye mabehewa, kwenye vibanda kama hiki toka ujana wake, na mahali popote alipolala palikuwa pa kazi, kazi ikiisha unatoka. Hakuwahi kujengewa mahali. Alipoona kuta zile zinapanda alijua kuna kosa limefanyika, akangoja ligunduliwe.

Bibi alifungua kifurushi akakiweka kati yao. "Kula," akamwambia. "Treni ya kurudi inapita jioni. Nilipoulizwa wewe ni nani nilikosa jibu, na jibu lenyewe nimelipata njiani. Twende ukanisikie nikilisema."

Tulirudi. Tulipoteremka Tabora asubuhi yake hatukupita nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa balozi, tukamkuta chini ya kibanda chake, misumari mdomoni, kiatu cha mtu magotini. Bibi alisalimia, akakaa, akamwonyesha mzee.

"Balozi, ulisema wa damu yangu. Nimemleta kaka yangu."

Balozi alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja. Alimtazama mzee kuanzia miguuni, taratibu, mpaka akafika masikioni, kwenye yale matundu ya Kigogo.

"Kaka yako," akasema. "Na masikio hayo."

"Mama mmoja, baba mbalimbali," Bibi akajibu, na uso wake haukucheza hata kidogo.

Nakuambia nilimwona balozi akipigana na kicheko, na kwa muda sikujua nani atashinda. Mke wake aliyekuwa ndani alishindwa kwanza. Balozi akakipindua kile kiatu, akakitazama soli kana kwamba jibu liko hapo, kisha akauliza kama huyo kaka anajua kuchanganya udongo. Bibi akasema anajua. Basi, balozi akasema, kesho aje mapema, kuna nyumba bado hazijaezekwa, na asiondoke mpaka ya mwisho iishe. Huko juu akiulizwa atasema alichoambiwa na mwenye nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa. Saruji tuliyopewa ilikuwa ya kusakafia vyumba viwili vya ndani. Bibi aliamua iende chumba cha tatu, kwa sababu mzee alikuwa na maumivu ya mifupa na unyevu ulimsumbua. Sisi tulibaki na sakafu ya udongo, tukaisiriba kwa samadi kila Ijumaa, mimi na yeye tumepiga magoti, tukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Bati la chumba kile lilitoka huku na huku: lililobaki kwa huyu, lililotoboka kwa yule. Mvua ikinyesha liliimba kwa sauti tofauti na la kwetu. Na bila tumaini la kodi tena Bibi alianza kukaanga karanga na kuziuza kwenye lango la stesheni, akarudi jioni ananuka chumvi na moshi. Maisha yalikuwa magumu kuliko ya tembeni, siwezi kukudanganya. Lakini sijawahi kuishi katika nyumba iliyoniridhisha vile.

Mzee aliishi nasi mpaka nikawa msichana mkubwa wa kuvaa sare ya sekondari. Alifariki kwenye chumba chake, mchana wa jua, mlango ukiwa wazi, Bibi akiwa uani anaweza kumwona. Mtaa wote ulizika. Habari zilipita kwa watu wa reli, kituo hadi kituo, na baada ya siku chache akashuka kwenye treni kijana mmoja kutoka Ugogo, mwenye uso ule ule, akauliza nyumba ya Mnyamwezi mwenye Mgogo. Hatukujua kama alikuwa na ndugu. Alikuwa mtoto wa dada yake. Bibi alimtandikia kile chumba, na yule kijana aliketi kizingitini muda mrefu akikitazama: kitanda, sanduku la mbao, kofia msumarini, bakuli lenye karanga alizoachiwa jioni yake ya mwisho.

"Sisi kule tulishamlilia zamani," akasema. "Tulidhani amefia njiani, peke yake."

Bibi alimsogezea maji ya kunawa. Kisha akaenda kupakua chakula.

Yeye mwenyewe alitutoka nikiwa nimeolewa mbali. Nyumba ikauzwa katika yale mambo ya mirathi ambayo sisi wanawake huambiwa yakishakwisha. Mwaka juzi nilipita Tabora kwa harusi, nikaomba nipelekwe upande wa pili wa reli. Nilishuka, nikatembea. Mtaa upo, mkubwa, umeshiba. Kila nyumba imekua kama yule kijana wa Tanga alivyotaka, na zaidi: chumba juu ya chumba, ukuta mbele ya ukuta, mageti ya chuma yenye vipande vya chupa juu. Mabaraza yamezibwa yamekuwa maduka. Nilitafuta nyumba yetu kwa madirisha, kwa mteremko wa bati, kwa upande jua linapozamia, na sikuweza kuitambua. Nilipita mara mbili, tatu. Hakukuwa na mtu nje wa kumpigia hodi. Sauti zote zilikuwa nyuma ya kuta.

Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake chini ya kivuli cha ukuta. Alinisalimu vizuri, shikamoo mama, akaniona ninavyohangaika, akaniuliza natafuta nini.

Nikamwambia, "Natafuta nyumba, mwanangu."

Akateremka kwenye pikipiki yake kwa heshima, tayari kunisaidia.

"Ya kupanga, mama, au ya kununua?"